Maji Yako Chini ya Mchanga: Tuliyojifunza Kola

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Mlichanga nauli ili sisi wachache tuwatembelee wenzetu wa Kola, huko vilimani Machakos. Aliyetumwa hana budi kurudi na jibu. Na swali mlilotupa mnalikumbuka: wenye malori wanataka kununua mchanga wa mto wetu, je, tuuze?

Kola ni mji mdogo, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote. Hauna kelele. Mgeni akipita hapo wakati wa kiangazi, na mto ni mchanga mtupu, atasema hawa watu wanaishije? Lakini akitazama vilima vizuri, ataona mteremko baada ya mteremko umekatwa matuta kama ngazi. Hapo ndipo maji yanapoanzia.

Msidhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba Ukambani inageuka jangwa. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe ili mifugo ipungue. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walienda Nairobi kumlalamikia gavana. Serikali ikaacha kuwalazimisha, ila Muindi Mbingu alifungiwa Lamu. Hata matuta ya kwanza yalichimbwa kwa amri, na watu wakayachukia.

Kilichobadilisha mambo ni mwethya, yaani watu kusaidiana kazi kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Tangu miaka ya 1950 watu walipojichagulia viongozi wao na aina ya matuta waliyoyataka, kazi ilienea, na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Mwaka 1994 wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba katika wilaya ya Machakos ya wakati ule, pamoja na Makueni, watu walikuwa kama 240,000 mwaka 1932, na kufikia 1990 walikuwa karibu 1,400,000. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko wa udongo ukapungua. Kwa hivyo tusiseme ardhi yetu imeharibika kwa sababu tumekuwa wengi.

Sasa kazi yenyewe. Matuta yale huitwa fanya juu, na hata vitabu vya Kizungu vinaandika hivyo hivyo. Unapima mstari ulio sawa ukikata mteremko, kwa nguzo mbili, kamba na pima maji ya fundi. Unachimba mtaro kwenye mstari huo, na udongo unautupa upande wa juu. Juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe ili lisibomoke. Kila mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unazuiwa na tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba linalala tambarare. Maji hayakimbii tena, yanazama mahali mahindi yalipo.

Bwawa la mchanga nalo ni kazi ya vikundi. Utooni, shirika linalojulikana sana Kola kwa kazi hii, lilianza kama kikundi cha kijiji mwaka 1978, na Joshua Mukusya akiwa kiongozi wake. Bwawa lenyewe ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, tope jepesi linapita juu ya ukuta, mchanga mzito unabaki nyuma yake. Misimu ikipita mchanga unajaa, na maji yanakaa katikati ya chembe zake. Kama huamini, jaza debe mchanga mkavu usio na vumbi, kisha mimina maji polepole. Utashangaa: litameza robo debe na zaidi. Maji hayo jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawezi kutaga humo, na ng'ombe hayachafui kama ya kidimbwi.

Lakini kuna masharti. Ukuta lazima ukae juu ya mwamba, la sivyo maji yatapita chini. Mabawa yake yaingie vizuri kwenye kingo, la sivyo mto utauzunguka. Na vilima vya juu viwe na matuta. Vikiwa uchi, mto utaleta tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji. Ndiyo maana hatuwezi kuanza na saruji tukasahau jembe.

Sasa turudi kwa malori. Nairobi inajengwa, na mchanga wa Ukambani unapendwa. Lakini auzaye mchanga anauza na nyumba ya maji. Mchanga ukiisha, sakafu ya mto inashuka, visima vya kingoni vinakauka, na misingi ya madaraja inabaki wazi. Majirani wa Makueni waliona hatari hiyo, na mwaka 2015 kaunti yao ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake.

Hatuwalaumu vijana wanaopakia malori. Karo ni karo, na tumbo halingoji. Ila tufanye hesabu pamoja. Pesa ya lori inagawanywa siku moja na kwisha. Mchanga ukibaki, mama hatembei nusu siku kutafuta maji, na kijana anaweza kulima sukuma na kuotesha miche ya kuuza hata kiangazi. Mchanga wa kujengea shule yetu tunaweza kukubaliana utolewe wapi na kiasi gani. Wa kupelekwa mbali, jibu letu sisi tuliotumwa ni hapana.

Uamuzi ni wenu. Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Kwanza, mtembee kwenye mto wenu kutoka juu hadi chini na kuweka alama mahali mwamba unapoonekana. Pili, mchague mteremko mmoja na kupanga zamu za kuchimba, ili matuta yawe tayari kabla ya mvua ya Oktoba, maana kwetu hiyo ndiyo ya kutegemewa zaidi. Tatu, mjadili suala la mchanga vijana wakiwepo, na katibu aandike mlivyokubaliana. Wenye malori watarudi. Wakute tumeshaamua.