Nyumba za Shule na Orodha za Shule



Kila muhula unapofunguliwa, katika Rubona, kando ya Ziwa Kivu kusini ya mji wa Gisenyi, karibu na bandari na kiwanda cha bia, huonekana watoto waliovaa sare za shule wakienda kupanda magari. Kila mmoja ana godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, na sanduku lenye kufuli. Wanasafiri katika siku zilizopangwa kwa kila wilaya, na askari wa usalama barabarani huwaona wakipita kwa mamia. Baadhi ya watoto hao ni wenu ninyi mnaotusikiliza. Huenda baba yao hakuwapo siku hiyo kuwasindikiza, kwa kuwa yuko lindoni mpakani, au yuko katika vikosi vya kulinda amani huko Afrika ya Kati au Sudani ya Kusini, na ameagana nao kwa simu tu.

Usiku wa leo tungependa kuzungumza juu ya swali moja ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Mtoto akishusha godoro lake katika shule ya bweni, anapokewa na nani? Hatumaanishi nani anayepokea karo. Hilo kila mtu analijua. Tunauliza nani atakayejua, saa nane ya usiku, kwamba mtoto huyu ana homa, au kwamba analia kwa sababu amesikia habari mbaya za nyumbani.

Shule nyingi za Kikatoliki katika Afrika ya Mashariki zimelijibu swali hilo kwa kuwagawa wanafunzi katika nyumba. Desturi hiyo ilitoka Uingereza. Hapo kale wanafunzi waliotoka mbali walipangishwa vyumba katika nyumba za watu mjini, na mwenye nyumba ndiye aliyewalisha na kuwaangalia. Baadaye shule zilizitwaa nyumba hizo, nafasi ya mwenye nyumba ikashikwa na mwalimu, lakini jina la nyumba likabaki. Wamisionari waliofungua shule za bweni katika makoloni ya Waingereza, kama vile Namilyango ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1902, walikuja kuitumia desturi hiyo. Rwanda, iliyotawaliwa na Wabelgiji, ilirithi desturi nyingine ya bweni kubwa, msimamizi wa bweni, na mkuu wa nidhamu aliyeogopwa na wote. Hata hivyo Kanisa lilikuwa na fundisho lake la zamani juu ya jambo hili. Padri Yohane Bosko wa Turin, Italia, aliandika mwaka 1877 kwamba mlezi akae pamoja na vijana wakati wote, katika michezo na katika masomo, ili awazuie wasikosee, badala ya kukaa mbali akingoja wakosee ndipo awaadhibu.

Ninyi askari hamhitaji kuelezwa sana juu ya mpango wa namna hii. Kombania ni kubwa mno kwa mtu mmoja kuzijua shida za kila askari. Kwa sababu hiyo ikagawanywa katika platuni, na platuni katika seksheni, na koplo wa seksheni anamjua ni nani ambaye mke wake ni mgonjwa na ni nani ambaye usiku wa jana hakula. Nyumba ya shule ni kitu cha aina hiyo. Ina mwalimu mlezi mmoja, ina viranja wachache, na ina watoto wa vidato vyote, wakubwa kwa wadogo, chini ya paa moja. Mambo ya vikombe na alama, nyumba ipi imeshinda mpira na ipi imefagia uwanja vizuri zaidi, ndiyo yanayopigiwa kelele siku ya sherehe, nayo yanafurahisha. Lakini hayo ni mapambo tu. Kazi yenyewe ni ya mlezi, na hufanyika pasipo kuonekana.

Yapo pia mabaya yake, nasi hatutayaficha. Mtoto mkubwa akipewa mamlaka juu ya mdogo, na mlezi akalala, nyumba hugeuka mahali pa mateso. Wanafunzi wa Rwanda wana neno lao, kunnyuzura, yaani kumwonea mwanafunzi mgeni kwa dhihaka na adhabu za kubuni, ati ndiyo kumkaribisha. Askari yeyote aliyepata kuwa kuruta anaelewa maana yake. Mlezi asiyeingia bwenini usiku hana habari ya mambo hayo, hata akiwa mcha Mungu namna gani.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kulizungumza jambo hili katika nchi ya Rwanda. Shule inaweza kuwapanga watoto kwa njia mbili. Inaweza kuwachanganya, mtoto wa mvuvi wa Rubona akalala jirani na mtoto wa mkulima wa chai na mtoto wa sajini, wakawa watu wa nyumba moja. Au inaweza kuwachambua kwa asili yao, na kuwaandika katika orodha.

Rwanda iliijua njia hii ya pili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu vitambulisho vilivyotaja kabila, na maandishi hayo yakaingia hata katika karatasi za shule. Mwezi wa Februari mwaka 1973, majina ya wanafunzi Watutsi yalibandikwa ukutani katika shule na katika chuo kikuu, wakaambiwa waondoke. Shule za Kanisa hazikuepuka. Baada ya hapo, chini ya serikali iliyotwaa madaraka mwezi wa Julai mwaka huo huo, nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mafungu ya kabila na mkoa. Wako watu wazima leo wanaokumbuka mwalimu akiwaamuru wasimame darasani, hawa kwanza, wale baadaye, ili wahesabiwe. Mtoto aliyekuwa hajui asili yake alirudi nyumbani kuuliza. Mwaka 1994 orodha zilifanya kazi iliyokusudiwa na wauaji, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Nyundo, makao ya jimbo Katoliki la eneo hili la Gisenyi, waliuawa humo humo walimotafuta hifadhi.

Sasa, ndugu askari, tazameni yaliyotokea miaka mitatu tu baadaye. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, wanafunzi wakiwa katika masomo ya jioni. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono. Mwezi uliofuata, katika shule ya Muramba, mkoa wa Gisenyi wa wakati ule, wasichana waliamshwa usingizini na kupewa amri ile ile. Nao walikataa. Wasichana 17 waliuawa, pamoja na mtawa wa Kibelgiji, Sista Griet Bosmans, aliyekuwa na umri wa miaka 62. Wanafunzi wa Nyange waliingizwa mwaka 2001 katika daraja la mashujaa wa taifa liitwalo Imena.

Hatusemi kwamba mpango wa mabweni ndio uliowapa ujasiri ule. Jambo kama hilo halipimiki, na si haki kuwanyang'anya watoto wale sifa yao ili kuisifu kanuni ya shule. Tunasema hivi tu: walioulizwa swali lile walikuwa wamelala chumba kimoja, wameazimana ndoo, na wanajua nani hukoroma. Waliotoa amri walikuja na orodha vichwani mwao. Bunduki zilikuwa upande wa orodha.

Upo mfano mwingine, nao haukutoka Uingereza wala Ulaya. Tarehe 20 Oktoba 1996, katika Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, wanafunzi 12 walionusurika mauaji ya kimbari walianzisha chama kiitwacho AERG. Wanachama hawakuwa na wazazi wa kurudi kwao wakati wa likizo. Basi wakajipanga katika familia, na kila familia ikamchagua mwanafunzi mmoja kuwa baba na mmoja kuwa mama, vijana ambao pengine waliwazidi watoto wao miaka miwili au mitatu tu. Mpango huo ulienea hadi shule za sekondari. Kijana akifaulu mtihani, au akiugua, kulikuwa na mtu wa kuambiwa. Walezi wengi waliosomea kazi hiyo wangeweza kujifunza kwa vijana hao.

Kwa hiyo, ndugu askari mwenye mtoto katika shule ya bweni, iwe ya Kanisa au ya serikali, usitosheke kuuliza alama za hisabati. Uliza mlezi wa mtoto wako ni nani, na ana watoto wangapi chini yake. Ukijibiwa kwamba mlezi mmoja ana watoto mia tatu, jua kwamba hana hata mmoja. Uliza kama huingia bwenini usiku. Mwulize mtoto mwenyewe, pasipo kumtisha, ni nani anayelala kushoto kwake na nani kulia. Asipoweza kuwataja baada ya muhula mzima, kuna jambo ambalo mlezi hajalitazama.

Na kwa wale mlio mbali, karatasi za kumwandikisha mwanafunzi aghalabu huwa na nafasi ya jina la mtu wa kuitwa wakati wa dharura. Wengi huandika jina la baba, kwa heshima, ilhali baba yuko safari ya mwaka mzima na simu yake haipatikani. Mwandikeni shangazi, au mjomba, au jirani wa hapo Rubona anayeweza kufika shuleni kabla ya mapambazuko, na mwambieni mapema kwamba jina lake limeandikwa.