Dawa Inayofunga Utumbo wa Mutoto

Leo tunasema juu ya kile kidonge kidogo kinachouzwa sokoni na katika farmasi kwa kusimamisha kuhara: loperamidi, wengine wanaita Imodium. Mama anakivunja nusu, anakiponda, anamupa mutoto wa miezi minane. Kuhara kunasimama, mama anafurahi. Ni hapo hatari inaanza.

Sikieni ginsi inavyotumika. Ndani ya ukuta wa utumbo kuna mishipa ya fahamu, mamilioni. Ndiyo inaamuru utumbo ujikaze na kusukuma chakula mbele, hata wakati unalala. Juu ya mishipa ile kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, kinangoja ufunguo wake. Mwili wenyewe unatengeneza funguo za namna hiyo. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, kule Aberdeen katika Scotland, walizitambulisha. Walipima nguvu yao kwa kipande cha utumbo wa kobayi, nyama yule yule anayekimbia jikoni mwetu. Mofini, dawa ya maumivu makali, inaingia katika kufuli zile zile, na kodeini vilevile. Ndiyo maana mugonjwa wa mofini anakaa siku nyingi bila kwenda choo. Loperamidi ni ndugu yao.

Ikiisha kuingia, mishipa inanyamaza, utumbo hausukumi tena. Lakini mikrobe iko ndani bado, na maji ya mwili yanaendelea kumwagika ndani ya utumbo. Kitambaa cha mutoto ni kikavu, wewe unasema amepona, kumbe anakauka na maji yake yako tumboni! Tumbo linavimba, linakuwa gumu, anatapika. Kwa mutoto mudogo sana dawa inaweza kupita mupaka kwa ubongo: analala bila kuamka vizuri, pumzi inapungua. Katika inchi ya Pakistan watoto wachanga walikufa kisha kupewa matone ya dawa hii, na mwaka 1990 kampuni iliyoyatengeneza iliyaondoa sokoni. OMS inakataza kumupa mutoto dawa za kusimamisha kuhara.

Mama mukwe atasema: «Lakini kuhara kunamumaliza!» Ni kweli, kupotewa na maji ndiko kunaua. Basi tumurudishie maji. Pakiti moja ya SRO katika lita moja ya maji safi. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote sawasawa na ukingo, visijae kilima. Onja mbele: chumvi isipite ile ya machozi. Kila mara akihara, umunyweshe polepole kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Ziwa lisikatwe hata siku moja. Na zinki sherti apewe siku 10 mupaka 14, hata kama kuhara kumekwisha: miligramu 10 kwa mutoto wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa aliyepita pale.

Mukiona damu katika choo, macho yameingia ndani, hanywi tena, ao tumbo limevimba, kuja mbio, hata usiku. Na kama ulikwisha kumupa kile kidonge, sema wazi pale mulangoni, ulete na karatasi yake. Hakuna atakayekugombeza, tunataka kujua tu ni ngapi, na saa ngapi.