Wangapi, na Wanaishi kwa Kazi Gani?

Hotuba ya mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na marafiki wa dayosisi, Dodoma



Nimeombwa nizungumzie jamii ndogo za uwanda wetu wa kati, idadi yao na kazi zao za asili. Nitaanza kwa kukiri kosa ambalo sisi wa ofisi ya miradi tulilifanya wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka mradi wa mbuzi katika kijiji kimoja cha Wasandawe, magharibi mwa Wilaya ya Chemba. Tulikaa siku tatu kuandikisha kaya. Aliyekuwepo nyumbani aliandikwa, na asiyekuwepo hakuandikwa. Mbuzi waligawiwa, picha zikapigwa, taarifa ikaenda kwa wafadhili. Mwaka uliofuata tulirudi kufanya tathmini, na mzee mmoja akatueleza kwa upole kwamba tulifika wakati wa kurina asali. Kaya zenye shida kubwa zilikuwa porini. Waliobaki nyumbani ni wale ambao tayari walikuwa na mashamba na mifugo. Kwa hiyo tuliwaongezea walionacho, na wale tuliowakusudia hata majina yao hatukuwa nayo.

Ndugu zangu, mchungaji wa kondoo mia alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Sisi tulihesabu vibaya.

Sasa tujiulize: jamii hizi zina watu wangapi? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na katika mkoa wetu wa Dodoma watu 3,085,625. Lakini haikuuliza kabila. Mara ya mwisho kwa sensa yetu kuhesabu makabila ilikuwa mwaka 1967. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zilihesabu watu kwa mkoa, wilaya na kata. Sababu inafahamika: taifa changa lilitaka wananchi wajione Watanzania kwanza. Mimi binafsi nauheshimu uamuzi huo. Tumeona nchi ambazo hesabu ya makabila iligeuzwa kuwa hesabu ya kura.

Hata hivyo uamuzi huo una gharama yake, na wanaoilipa ni wadogo. Mgogo, Mrangi au Mnyaturu haathiriki sana asipohesabiwa kwa kabila, maana yuko kila mahali. Lakini Wasandawe, ambao hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu tu, wanamezwa ndani ya takwimu za wilaya. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao hukadiriwa kuwa elfu moja na ushei, hawaonekani kabisa. Waakie wa Kiteto na Simanjiro vivyo hivyo. Hata majina tunayowaita mara nyingi ni ya jirani: tunasema Wakindiga, tunasema Wandorobo. Jina hili la pili limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya mtu asiye na ng'ombe. Yaani tunamtambulisha mtu kwa kitu alichokosa.

Hapa niseme jambo moja linalonigusa. Mimi ni Mgogo. Ninyi nyote mnajua utani na dharau tulizosikia katika miji mikubwa, kwamba Mgogo ni ombaomba. Hakuna aliyeuliza juu ya ukame na njaa zilizowatoa wazee wetu majumbani, wala juu ya ujuzi wao wa kufuga na kulima uwele kwenye nchi yenye mvua haba. Basi tulioonja dharau hiyo tusiipitishe kwa majirani zetu.

Tuangalie kazi zao. Wasandawe wanaishi hasa kati ya mito Bubu na Mponde, katika maeneo kama Farkwa, Kwa Mtoro na Sanzawa. Lugha yao ina sauti za kudoa ambazo majirani zao hawana. Wazee wao waliishi kwa upinde na mishale ya sumu, kwa asali, mizizi na matunda ya porini. Kilimo na ufugaji walijifunza kwa majirani, na leo wengi wao ni wakulima. Lakini mwaka wa njaa ukifika, ujuzi wa porini ndio unaookoa watoto, na sehemu kubwa ya ujuzi huo uko mikononi mwa akina mama, wanaojua mizizi ya kuchimba na mboga za kukausha. Wahadzabe bado wapo wanaotegemea uwindaji na kuchuma. Humfuata mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali.

Kazi hizo zimebanwa pande zote. Uwindaji bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtu mwenye upinde huitwa jangili upesi kuliko mwenye bunduki. Mapori yamekuwa hifadhi upande mmoja na mashamba upande mwingine. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili wawe wakulima, na wengi walirudi porini baada ya muda. Nia ilikuwa njema, ila mpango haukuanzia kwenye kazi waliyoijua.

Kuna pia dharau inayofuata kazi yenyewe. Kwa ndugu zetu Wabarbaig na Wadatoga wengine, wahunzi ni ukoo wa pembeni. Mikuki na bangili hutoka kwao, lakini kuoana nao ni mwiko. Kwa Wamasai ni hivyo hivyo. Kila mtu anahitaji kazi ya mhunzi, lakini hakuna anayetaka kuwa mkwewe.

Wenzetu wa India wanalijua jambo hili kwa ukubwa zaidi. Kule mfinyanzi, mfumaji, mhunzi, kinyozi, mkamua mafuta na mchunga kondoo walizaliwa ndani ya kazi zao na kuwekwa daraja la chini kwa ajili ya kazi hizo. Nao pia walikumbana na swali la hesabu. Sensa ya mwisho kuhesabu matabaka yote ilikuwa ya mwaka 1931, wakati wa Waingereza. Tume ya Mandal, iliyoundwa mwaka 1979 kuchunguza jamii zilizobaki nyuma, ilibidi itumie takwimu hizo kuukuu. Ilitaja jamii 3,743 na kukadiria kuwa ni asilimia 52 ya wananchi. Mwaka 1990 serikali yao ikatangaza kuwatengea asilimia 27 ya nafasi za kazi serikalini. Yakatokea maandamano makali, na mwaka 1992 Mahakama Kuu ya juu ya nchi hiyo ikauthibitisha mpango huo. Ubishi kuhusu idadi haukwisha, na mwaka 2025 serikali yao ilitangaza kwamba sensa inayofuata itahesabu matabaka tena. Katika mwaka 2023 pia walianzisha mpango wa mafunzo, vifaa na mikopo kwa mafundi wa kazi 18 za asili.

Sisi hatuna sababu ya kuiga yote. Tunachojifunza ni kwamba mtu asiyehesabiwa hugawiwa kwa kubahatisha, na kwamba kazi ya asili inaweza kuwa mlango wa maendeleo badala ya alama ya aibu.

Hapa kwetu mifano ipo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati za hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao, kwa pamoja kama jamii, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ndugu Edward Loure, aliyesimamia juhudi za aina hiyo kaskazini mwa nchi, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016. Na palepale Arusha, mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, ambao nao ni warina asali.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo manne.

Kwanza, katika fomu zetu tusiandike kabila. Tuandike kitongoji, na kila kazi ambayo kaya inaishi kwayo. Mtu anayelima ekari mbili za uwele, ana mizinga kumi na anachimba mizizi wakati wa njaa, tusimwandike "mkulima" tukafunga daftari.

Pili, tuandikishe mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na katika msimu wa asali, na tuwatumie vijana wa kitongoji husika wanaojua nani yuko wapi.

Tatu, akina mama waulizwe peke yao. Mradi wa mizinga, wa kukausha mboga au wa mbegu unaweza kutoka kwenye majibu yao.

Nne, kabla ya kupeleka mradi wowote tuulize habari ya ardhi. Mizinga mia bila miti ya kuitundika haina faida.

Nawageukia marafiki wetu wafadhili. Tunawashukuru sana kwa misaada yenu. Lakini fomu zenu huuliza idadi ya walengwa, kisha gharama kwa kila mlengwa. Kitongoji cha kaya arobaini, kilomita nyingi kutoka barabara kuu, hakiwezi kushinda kwa kipimo hicho. Mara mbili nimeshawishika kuongeza vijiji vikubwa katika andiko ili namba ipendeze, na mara zote mbili waliotusukuma kuandika ndio waliopata kidogo. Naomba mtupe ruhusa ya kuandika namba ndogo iliyo ya kweli.

Wajumbe wa kamati, kazi ya kurudi nayo nyumbani ni hii. Kila usharika ulete katika kikao kijacho orodha ya vitongoji vyake vyote, pamoja na vile ambavyo gari letu halijawahi kufika, na kando ya kila kitongoji muandike watu wake wanaishi kwa kazi gani. Kile kijiji cha mbuzi tutakiandikisha upya, safari hii wakati wa asali. Yule mzee amekubali kututembeza.