Chembe Nano, Mche na Chakula: Mhadhara wa Umma, Baraka



Nimeombwa nieleze kama chembe nano zinaweza kuikinga miche yetu na sumu ya metali nzito. Zinaweza, ila kwa sharti moja nitakalolifikia.

Swali hili ni letu. Misisi, humu humu katika teritwari yetu ya Fizi, dhahabu huchimbwa kwa mikono. Mchimbaji mdogo akitumia zebaki, huichanganya na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha hulichoma bonge hilo. Mvuke wa zebaki hupaa na kurudi ardhini. Masalio huishia mtoni. Shamba la mpunga ndilo pahali pabaya kabisa pa kuipokea, kwani katika tope lisilo na hewa bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, sumu iliyowaua watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Mpunga nao huipandisha hadi kwenye punje.

Kadimi, metali nyingine nzito, ina njia yake. Hupenya mzizi mchanga kwa milango ileile inayoingiza zinki na manganizi. Ncha ya mzizi hugeuka kahawia, mzizi hudumaa, majani huwa manjano. Hapo ndipo chembe nano, zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, zinaposaidia. Mbegu ikilowekwa katika maji yenye chembe nano chache za oksidi ya zinki, mche huanza maisha ukiwa na zinki ya kushindana na kadimi mlangoni. Zile za silika huimarisha kuta za seli na kuizuia metali isipande majanini. Zile za oksidi ya chuma hukamata aseniki, sumu nyingine, nje kwenye udongo. Kipimo kikizidi, dawa hugeuka sumu: mwaka 2007 watafiti Lin na Xing walionyesha kwamba chembe nano za oksidi ya zinki, miligramu 2,000 kwa lita, zilizuia mahindi kuota.

Sharti langu ni hili: tusiridhike na mche wa kijani. Lengalenga linaweza kustawi vizuri na bado likabeba metali hadi chunguni, na mtoto ndiye atakayelila. Jaribio lolote linaloishia kwenye urefu wa mche halijamlinda mtu. Tena tusiruke hatua. Lubumbashi, kwenye udongo uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, watafiti walitumia chokaa na mboji mpaka nyasi zikashika. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, metali nyingi zikashikamana nao badala ya kuyeyuka majini. Chokaa na mboji vinapatikana, tuanze navyo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa teritwari na vyuo vyetu: kabla mtu yeyote hajaleta unga wa nano kule juu Bibokoboko au hapa Baraka, pimeni udongo wa mashamba, maji ya mto Mutambala, punje za mpunga na sombe, kisha majibu yasomwe hadharani mbele ya wakulima wenyewe.