Mtoto Asiyetulia

 

Ikifika saa tano asubuhi, darasa la chekechea halikaliki. Mmoja anagonga meza, mwingine kamvuta mwenzake nywele, mwalimu anapaza sauti, "Tulia!" Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, lakini sisi wenyewe tukiishiwa na maneno mkono huponyoka. Hebu fikiria, mama. Ukimwambia mtoto wa miaka 4 "simama", anajua miguu ifanye nini. Ukimwambia "tulia", afanye nini?

Baadhi ya chekechea siku hizi humfundisha kwa yoga, yaani kunyoosha viungo na kupumua polepole. Asili ya yoga ni India, na najua wapo watakaouliza kama ni ibada. Haya ninayoeleza leo hayana sala wala wimbo, ni mwili na pumzi tu. Jina likikukwaza, uite mchezo wa pumzi.

Tandika mkeka au leso, mtoto alale chali. Mwekee juu ya tumbo kitu chepesi, kama mwanasesere wa vitambaa. Mwambie mwanasesere amelala, ambembeleze kwa tumbo, apande na kushuka bila kuamka. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe kwa mdomo kana kwamba anapoza uji. Hilo hakuna mtoto asiyelijua! Pumzi ya kutoka ndiyo yenye kazi: ikitoka polepole, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hulegea. Mara 5 zatosha. Halafu ainuke, ajinyooshe kama paka aliyeamka, asimame kwa mguu mmoja kama korongo. Ataanguka na kucheka. Mwache acheke.

Usingoje hasira ipande ndipo umfundishe. Anayegaragara chini akilia hawezi kujifunza jambo jipya. Mfundishe akiwa ameshiba na ana furaha, nawe ufanye pamoja naye. Siku ya kilio, keti karibu naye, upumue wewe kwanza. Na tafadhali, usiufanye mchezo huu kuwa adhabu, "nenda kule pembeni ukapumue." Atauchukia.

Wala hauchukui nafasi ya kukimbia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 au 4 auchezeshe mwili angalau dakika 180 kwa siku. Aliyeketishwa darasani asubuhi nzima akianza kupanda meza, kosa si lake.

Kuna faida nyingine. Ukizoea kulitazama tumbo lake likipanda na kushuka, utaijua pumzi yake ya kawaida. Basi mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 akiwa na kikohozi, na akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja hali ametulia, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, acha mchezo. Huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anacheka.