VIWANJA VYA WAZI: KAMPALA INATUFUNDISHA NINI?

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi mbele ya Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya michezo na mapumziko. Najua wapo watakaouliza: mtu aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri ana haja gani na bustani? Ni swali la haki. Kabla ya kulijibu, nawaomba twende kidogo Kampala, mji ambao wengi wetu tumeupitia tukifuatilia karatasi.

Kampala haikukosa ramani. Mirams aliichorea mpango mwaka 1930, na Mjerumani Ernst May akapanga upande wa Kololo na Naguru katika miaka ya 1940. Kilichokuwa kigumu ni kulinda kilichochorwa. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 1.5, na ardhi ya katikati ya mji ni ghali. Kiwanja kisicho na mwangalizi huonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Ule wa gofu pale Kitante umebaki kijani, lakini una wanachama wanaoulipia.

Tazameni Centenary Park, kando ya barabara ya Jinja. Bustani hii ya umma ilikodishwa kwa kampuni binafsi. Pole pole mikahawa na mabaa yakaota ndani yake, na mtu asiye na fedha ya soda akajiona mgeni. Zikafuata kesi na mabishano. Halafu ukaja mradi wa barabara za juu, ambao ujenzi wake ulianza 2019, nao ukamega sehemu. Mimi sisemi kukodisha ni dhambi. Nasema mkataba usiposema wazi ni hatua ngapi zisijengwe kamwe, mpangaji atajenga mpaka kwenye mizizi ya mti.

Uwanja wa Nakivubo, ulioanza 1926, ulibomolewa mwaka 2017 ili ujengwe upya na mwekezaji, ukizungukwa na maduka. Uwanja wa Katiba, karibu na Mahakama Kuu, una hadithi nyingine: wakati wa maandamano ya 2011 polisi waliushika, na kwa muda mrefu raia hakuweza kuketi pale. Hayo ni mambo ya wenyeji wetu, nami siyaingilii. Nataja tu kwamba uwanja waweza kubaki mzima kwenye ramani huku watu wameupoteza.

Mwaka huo huo wa 2011 Mamlaka ya Mji Mkuu, KCCA, ilichukua nafasi ya halmashauri ya zamani. Ikapanda nyasi na maua kandokando ya barabara, na mji ukapendeza. Lakini nyasi nyingi za namna hiyo ni za kutazamwa. Mtoto hawezi kucheza katikati ya mzunguko wa magari!

Sasa narudi kwenye foleni ya maji. Mtoto wa yule mama aliye kwenye foleni yuko wapi saa hiyo? Kiwanja chetu cha shule kimeliwa na vibanda pande mbili, na watoto wamehamia barabarani. Mwaka jana mwanafunzi wa darasa la pili aligongwa na bodaboda pale penye kona. Mguu umepona, Mungu ashukuriwe.

Siwalaumu wenye vibanda, kwa kuwa wanatafuta unga. Tuwatafutie nafasi upande wa soko kabla ya kuwaambia wahame. Kisha Kamati iiombe Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayogawa ardhi hapa, iandike mpaka wa kiwanja kwa barua yenye muhuri. Tupande miti ya kivuli mpakani. Wasichana wapewe saa zao, maana sasa wanacheza wavulana wakichoka, nao hawachoki mpaka giza.

Na ninyi wageni wetu, mipira mnayotuletea kila tarehe 20 Juni tunaishukuru, ila haimalizi mwaka. Mwaka huu tungefurahi zaidi kupata mafyekeo, toroli, pampu, na posho ndogo ya mtunza kiwanja mmoja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutapima mpaka. Walimu tutaleta kamba na vigingi. Wazee wanaokumbuka kiwanja kilikoishia zamani, tafadhali mfike.