Mwili ni Amana Hata Ugenini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mama mmoja wa kwetu Pwani, aliyekaa Uingereza miaka mingi, aliuliza: Je, yafaa nisali juu ya kiti, kwa kuwa magoti yangu hayakubali tena kusujudu? Jawabu ni kwamba yafaa, kwani Mtume (S.A.W.) alimruhusu asiyeweza kusimama asali kwa kukaa. Lakini swali hilo yatupasa tulitafakari. Mama huyo alipoondoka kwao alikuwa mwepesi. Leo daktari amemwambia kwamba uzito ndio unaoyalemea magoti yake.

Kimebadilika nini? Kwao alikwenda sokoni kwa miguu, alichota maji, alitwanga na kukuna nazi. Ugenini anakaa ghorofani, maji yamo bombani, na mwezi wa Desemba jua la London hutua kabla ya saa kumi alasiri. Kazi za mwili zimepungua, lakini sinia la pilau ni lile lile, na juu yake imeongezwa soda. Kopo moja la kola la mililita 330 lina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Upweke nao hutafuta maliwazo katika chakula. Na picha zikifika nyumbani, jamaa husifu: "Amenawiri! Ulaya imemkubali!" Wala hawajui kwamba nyuma ya unono huo huenda mna kisukari na shinikizo la damu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyetosheka na matonge machache, basi aligawe tumbo lake mafungu matatu: chakula, maji na pumzi.

Hata hivyo, dhihaka si dawa. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, yawakataza wanawake kuwadharau wanawake wenzao. Tena tazameni mwendo wa Mtume (S.A.W.). Amepokea Abu Daud kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha, na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha alipokwisha kunenepa, walishindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kwamba sasa wamelipana. Hakumtia aibu, alikimbia pamoja naye.

Basi enyi waume, shikeni watoto jioni ili mama zao wapate kutembea, au tembeeni nao. Shirika la Afya Duniani lashauri dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa siku tano, za mwendo wa haraka au mfano wake. Enyi viongozi wa misikiti ya ughaibuni, wafungulieni wanawake ukumbi wanyoshe viungo kwa stara. Nanyi mama zetu, pilau si haramu. Punguzeni mafuta na sukari, zidisheni mboga na samaki. Chukueni uzi wa urefu wenu, ukunjeni katikati, uzungusheni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, mwoneni daktari.

Mwenyezi Mungu azihifadhi afya zetu, atujaalie tumsujudie kwa vipaji vyetu mpaka mwisho wa umri wetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.